Singida isingoje pikipiki ya umeme ndipo itunge sheria

Kanuni zilizoruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni zilitolewa hapa nchini mwaka 2010. Kufikia wakati huo pikipiki zilikuwa zimekwisha jaa katika miji karibu yote ya Tanzania Bara. Vijana walikuwa wamekwisha jipatia riziki kwazo, vijiwe vilikuwa vimekwisha ota penye kila kona yenye kivuli, na waganga wa mifupa walikuwa wamekwisha zoea kupokea majeruhi wa aina moja. Kofia ngumu, abiria mmoja tu nyuma ya dereva, leseni na bima: mambo hayo yote yaliamriwa wakati mazoea mengine yamekwisha komaa, na ndiyo sababu hata leo askari wa usalama barabarani wangali wanapambana na mishikaki. Mtu aliyezoea kwa miaka kadhaa kupakia abiria wawili, na mara nyingine mtoto juu ya tangi la mafuta, haoni kwa nini karatasi iliyotoka mbali imwambie vingine.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilipoanzishwa mwaka 1974 lilikabidhiwa peke yake kazi ya kubeba abiria wa jiji lile. Mabasi hayakutosha, wananchi walisimama vituoni tangu alfajiri, na magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kujificha. Mwaka 1983 ndipo Serikali ilipokubali kuyapa vibali, na jina la daladala, lililotokana na sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala, likashika. Chombo kilitangulia na sheria ikafuata ikihema. Vituo, ratiba, kima cha nauli na masharti ya kazi ya makondakta vilitafutwa baadaye, katikati ya msongamano, na baadhi yake havijapatikana mpaka leo.

Sasa kinakuja chombo kingine, nacho ni pikipiki na bajaji zinazotumia umeme badala ya petroli. Dar es Salaam zimekwisha onekana barabarani. Huko Rwanda, tangu Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria katika jiji la Kigali hazina budi kuwa za umeme. Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza nchini magari ya petroli na dizeli. Kenya nayo mwaka 2023 ilitenga bei maalumu ya umeme kwa ajili ya kuchaji vyombo hivyo. Majirani hao hawakufanya hivyo kwa kupenda mitindo. Mafuta yanaagizwa kwa fedha za kigeni, ambazo nchi hizo huzipata kwa taabu, hali umeme wanauzalisha wenyewe kwa maji ya mito yao na mvuke wa ardhi yao.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya majiji, na kwamba Singida ingali na kazi nyingine za kufanya kabla ya kuanza kushughulika na betri za pikipiki. Hoja hiyo inavutia kwa sababu inampa ofisa ruhusa ya kufunga faili. Lakini pikipiki ya petroli haikuuliza ukubwa wa mji ilipoingia Singida. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Mkoa una watu zaidi ya milioni 2, na Manispaa peke yake ina zaidi ya laki mbili. Mji huo umekaa njia panda: barabara inayotoka Dodoma kwa njia ya Manyoni hugawanyika hapo, tawi moja likielekea Nzega na Mwanza, jingine likielekea Babati na Arusha. Vitunguu, alizeti, dengu na kuku wa kienyeji hupita humo kwenda kulisha miji mingine. Mkulima anayeleta magunia mawili ya vitunguu katika soko la Misuna hapandi lori. Hutegemea bajaji ya mizigo, au guta, au pikipiki iliyofungwa magunia mpaka dereva haonekani. Kila shilingi inayopunguzwa katika gharama ya petroli ya chombo hicho, au inayoongezwa, huonekana katika bei ya kitunguu.

Isitoshe, udogo wa mji ni faida. Dar es Salaam haiwezi kuhesabu vijiwe vyake. Singida yaweza kuvihesabu kwa juma moja, kama watendaji wa mitaa wakipewa karatasi na kalamu, na kuandika mambo manne tu: kijiwe kiko wapi, kina vyombo vingapi, vyombo hivyo ni vya nani, na hulala wapi usiku. Jambo hilo la mwisho laweza kuonekana la upuuzi, kumbe ndilo lenye uzito kuliko yote, maana mahali pikipiki ya umeme inapolala ndipo inapokula.

Katika jambo la umeme, Mkoa wa Singida una bahati ambayo wenyeji wake wengi hawaizungumzi. Njia kuu ya umeme ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kwenda Shinyanga kwa njia ya Dodoma hupita Singida, na njia nyingine ya nguvu hiyo hiyo huanzia Singida, ikapita Babati na Arusha hadi Namanga, na kuungana na gridi ya Kenya huko Isinya. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka uliofuata. Petroli inayotumika Singida hubebwa na malori kutoka bandarini, mwendo wa karibu kilomita 700. Umeme unapita juu ya paa. Kama kuna mji wa bara ambao ungefaidika kwa kubadili chombo chake cha usafiri, ni huu.

Walakini njia ya kilovolti 400 haichaji pikipiki. Kinachochaji pikipiki ni transfoma ya mtaa, iliyofungwa wakati mtaa ulipokuwa na nyumba kumi na mbili, na sasa zimekuwa arobaini. Betri moja ya pikipiki huchukua uniti mbili au tatu hivi za umeme. Kwa gridi ya taifa hicho si kitu. Lakini pikipiki thelathini za kijiwe kimoja zikichomekwa pamoja saa moja jioni, wakati kila nyumba imewasha taa na televisheni, transfoma hiyo itapiga kelele na mtaa mzima utalala gizani, na lawama zitamwangukia TANESCO, ambaye hakuna mtu aliyemwambia kwamba mzigo huo unakuja. Zikichajiwa kuanzia saa nne usiku, transfoma hiyo hiyo yaweza kuzibeba bila taabu. Tofauti kati ya giza na mwanga hapo si fedha, ni mpango: Ofisa Mipango Miji na meneja wa TANESCO kuketi meza moja na orodha ya vijiwe mbele yao.

Kuna suala la mali, nalo linawagusa walimu na watumishi wa Serikali kuliko wanavyodhani. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria mijini si za wanaoziendesha. Ni za watu wenye mshahara. Mwalimu hukopa katika chama cha akiba na mikopo, hununua pikipiki, humkabidhi kijana kwa mkataba, na kijana huleta hesabu kila siku au kila juma mpaka muda uliokubaliwa utimie na chombo kiwe chake. Mpango huo hauna ofisi wala sheria ya kwake, lakini umesomesha watoto na kujenga nyumba. Unasimama juu ya nguzo moja: kwamba pikipiki ikiisha mkataba ingali na thamani, na kwamba vipuri vyake vinapatikana kila duka. Siku pikipiki ya umeme itakapoweza kubeba abiria kwa gharama ndogo zaidi, kijana mwenye petroli atalazimika kushusha nauli, hesabu haitafika, na mwenye mali na mwenye kuendesha watakutana baraza la kata wakishtakiana. Deni la chama cha akiba halitangoja. Mtumishi anayefikiria kukopa mwaka huu kununua pikipiki ya pili yampasa alijue jambo hilo, na Ofisa Biashara wa Manispaa angefanya hisani kubwa kama angeandika mfano wa mkataba wa haki, wenye kifungu kinachosema nani atabeba hasara chombo kikipitwa na wakati.

Ama pikipiki ya umeme yenyewe, mkataba wake ni mgumu zaidi kwa sababu ya betri. Betri ndiyo sehemu ya ghali kuliko zote, nayo huchakaa. Katika mpango uliotangulia kuenea Kigali, dereva hana betri. Ana pikipiki tu. Betri ni ya kampuni. Ikiisha nguvu, dereva huenda kituoni, huitoa, hupewa nyingine iliyojaa, hulipa, na huondoka kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Ni mpango mzuri, kwani unaondoa bei kubwa mabegani mwa kijana na unaondoa haja ya kulala ukingoja chombo kishibe. Lakini betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine. Mji wenye kampuni moja na vituo vitatu umemkabidhi mtu mmoja ufunguo wa riziki ya vijana wake wote. Akipandisha bei, watalipa. Akifunga na kuondoka, pikipiki zitabaki vyuma.

Tanzania imekwisha onja jambo la namna hiyo. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri Ardhini, LATRA, iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni za usafiri wa kuitana kwa simu zingewakata madereva. Kampuni ya Uber ikasimamisha huduma mwezi Aprili mwaka huo. Kabla mwaka haujaisha kikomo kilipandishwa hadi asilimia 25, na mwaka uliofuata kampuni ikarudi. Yaweza kubishaniwa ni kima kipi kilichokuwa cha haki. Lisilobishaniwa ni kwamba mazungumzo yalifanyika wakati madereva walikuwa wamekwisha nunua magari kwa mkopo na wateja wamekwisha zoea, na mwenye haraka katika mazungumzo ndiye hulipa zaidi.

Kuagiza betri za kampuni zote ziwe za kipimo kimoja si kazi ya Manispaa. Ni kazi ya Shirika la Viwango. Kupanga bei ya umeme ni kazi ya EWURA. Kutoa leseni ni chini ya sheria ya LATRA. Lakini kiwanja ni cha Manispaa. Kampuni haiwezi kujenga kituo cha betri hewani. Itaomba ardhi, itaomba kibali cha ujenzi, itaomba kuweka kibanda kando ya kituo cha mabasi. Hapo ndipo Halmashauri yenye akili huweka masharti yake: kituo kiwe wazi kwa kampuni ya pili itakapokuja, bei ibandikwe ukutani, betri zilizokufa zirudishwe kwa mwenyewe na zisitupwe kandokando ya ziwa Kindai au Singidani, na ujenzi uzingatie hatari ya moto, maana betri za aina hiyo zikishika moto hazizimwi kwa ndoo ya mchanga. Masharti hayo ni rahisi kuyaweka kabla ya kampuni kuja. Baada ya kuja, kila sharti litaitwa usumbufu kwa mwekezaji.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Njia yake ni ndefu. Rasimu huandikwa, wananchi huarifiwa na kutoa maoni, kamati hujadili, Baraza la Madiwani hupitisha, kisha hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ili aidhinishe, ndipo itangazwe katika Gazeti la Serikali. Kila ofisa aliyekwisha pita njia hiyo anajua kwamba faili huweza kulala mezani mpaka vumbi lifute jina lake. Ndiyo sababu rasimu hiyo yafaa ianze kuandikwa wakati pikipiki za umeme katika mji ni za kuhesabika kwa vidole.

Liko jambo moja ambalo Hazina inalijua lakini halmashauri hazijaanza kulisema kwa sauti. Fedha za matengenezo ya barabara, zikiwemo zile zinazofika TARURA kwa ajili ya barabara za mitaani, hutoka kwa sehemu kubwa katika tozo ya mafuta. Kila lita ya petroli inayonunuliwa huchangia Mfuko wa Barabara. Pikipiki ya umeme inatumia barabara ile ile na haichangii kitu. Zikiwa ishirini hakuna atakayeona. Zikiwa nusu ya vyombo vyote, mashimo yataonekana. Si jambo la kuzitoza mapema na kuziua zingali changa. Ni jambo la madiwani kujua kwamba fungu hilo litapungua, na kuliuliza swali hilo Dodoma kabla hawajaulizwa wao na wapiga kura.

Mkoa huu una sababu ya pekee ya kujihadhari, nayo imelala porini kati ya Manyoni na Kinyangiri. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni, kwenye Reli ya Kati, kuelekea kaskazini hadi Kinyangiri, ambayo leo iko Wilaya ya Mkalama. Katika miaka ya 1940 wakaling'oa. Mzigo haukutosha. Reli ilipelekwa mahali ambapo hakuna aliyepanga nini kitalimwa, kitakusanywa wapi na kitafikaje stesheni. Baada ya Uhuru tawi jingine likajengwa, kilomita zipatazo 115, kutoka Manyoni hadi Singida mjini. Nalo huduma yake ikazorota, na malori yakachukua mzigo kwa barabara. Mara mbili chuma kimeletwa, na mara mbili kimeshindwa kwa jambo ambalo si la uhandisi.

Sasa kinakuja chuma cha mara ya tatu. Treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na zikafika Dodoma mwezi uliofuata. Kipande kinachoanzia Morogoro huishia Makutupora, ndani ya Wilaya ya Manyoni, na mkataba wa kipande cha kutoka hapo hadi Tabora, kupitia Manyoni na Itigi, ulitiwa saini mwaka 2021. Kwa hiyo reli hiyo inapita katika Mkoa wa Singida na haifiki mji wa Singida. Abiria atakayeshuka Manyoni akiwa na mgonjwa, au na magunia ya mbegu za alizeti, atakuwa bado ana safari ya kilomita zaidi ya mia moja. Nani atampeleka? Mabasi madogo yatakayojipanga yenyewe nje ya uzio wa stesheni, yakigombea abiria kwa kuwavuta mikoba, kama ilivyo desturi? Au yatakuwapo mapatano kati ya Shirika la Reli, LATRA na Halmashauri za Manyoni, Itigi na Singida kuhusu kituo, saa za kuondoka na tiketi? Mambo hayo hayahitaji fedha za wafadhili. Yanahitaji barua, mkutano na mtu wa kufuatilia.

Na yanawezekana, maana mfano upo. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 baada ya kujaribiwa kwa miaka kadhaa Shinyanga, humwezesha mama mjamzito aliyepatwa na dharura kijijini kupigiwa simu namba 115 bila malipo. Anayepokea simu hutafuta gari la wagonjwa, na kama hakuna, humtuma dereva wa kawaida wa eneo hilo ambaye amekwisha sajiliwa, amekwisha kubali nauli, na anajua atalipwa. Hapakuvumbuliwa gari jipya wala simu mpya. Kilichofanyika ni kwamba watu walikaa chini kabla ya dharura na kukubaliana nani ataitwa, atalipwa nini na na nani. Ukiuangalia kwa makini, mpango huo ndio sera ya usafiri iliyo bora kuliko nyingi zilizochapishwa kwa karatasi ya kung'aa.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto wa shule hufundishwa kuvuka barabara kwa kuangalia na kusikiliza, na kwa kweli wengi husikiliza zaidi ya kuangalia, kwa sababu pikipiki ya petroli hujitangaza tangu mbali. Ya umeme huja kimya. Shule zilizo kandokando ya barabara kuu zitapaswa kubadili somo hilo. Wasioona watahitaji zaidi ya somo. Watahitaji kanuni inayokilazimu chombo kitoe sauti, na kanuni hiyo ni ya kitaifa, lakini yaweza kuombwa na mkoa wowote.

Katika hotuba za miaka hii madereva wa bodaboda wamepewa jina la maafisa usafirishaji. Ni jina la heshima na wengi wao wamelipokea kwa furaha. Ofisa, hata hivyo, huwa na ofisi, huwa na waraka unaoeleza kazi yake, na huitwa kikaoni mambo yanayomhusu yanapozungumzwa. Kikao cha kwanza cha kuandika rasimu ya sheria ndogo ya vyombo vya umeme katika Manispaa ya Singida kingeweza kufanyika bila wao, kama vilivyofanyika vingine, na kikatoa karatasi safi sana. Wao ndio wanaojua kijiwe kipi hufurika maji masika, mlima upi humaliza nguvu za injini yenye magunia mawili, na mtaa upi umeme hukatika kila jioni. Viongozi wa vijiwe wanafahamika kwa majina na namba zao za simu ziko kwa watendaji wa kata. Robo ijayo ya mwaka wa fedha Kamati ya Mipango Miji itakutana kama kawaida, na ajenda yake huandikwa majuma mawili kabla.